Kazi Yake Ni Kuuliza Goti Linauma Kiasi Gani

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Emmaculate Adongo ameketi kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki moja ya mifupa mjini Eldoret, sweta mbili mwilini, simu mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Baridi ya Julai imeganda kwenye kioo cha dirisha. Mbele yake pana orodha ya majina kumi na moja.

Anaanza na mama anayeuza nguo za mitumba mtaani Huruma. Humpigia mapema kwa sababu saa moja ikigonga, mama huyo atakuwa amebeba mzigo wake na hatasikia simu.

“Habari ya asubuhi, Mama. Ni Emmaculate wa magoti.”

Anacheka kidogo kwa jibu analopewa, kisha sauti yake inatulia. “Sasa nikuulize. Sifuri ni hakuna uchungu kabisa. Kumi ni ule uchungu mbaya zaidi unaweza kufikiria. Goti la kulia liko wapi leo?”

Anaandika sita. Halafu anauliza tena, polepole, “Na jana, hilo goti lilikupeleka mpaka wapi?”

Jibu la swali hili la pili ni refu. Emmaculate hamkatizi. Anaandika mstari mmoja, wa pili, wa tatu, na karatasi inapoishia anaigeuza nyuma na kuendelea.

Emmaculate, mwenye umri wa miaka 43 na mama wa watoto watatu, si daktari wala muuguzi. Kwa mwaka mmoja unusu sasa amekuwa akiwapigia simu wagonjwa 126 walio kwenye utafiti unaolinganisha sindano tatu zinazodungwa ndani ya goti. Kila mmoja hupigiwa mara moja kwa mwezi, kwa miezi kumi na miwili.

Wagonjwa hao wote wana maradhi ambayo wengi huyaita arthritis tu. Gegedu, ile nyama ngumu yenye uso laini inayozuia mifupa ya goti isisuguane, hulika taratibu kwa miaka mingi mpaka mtu akawa anasikia goti likikwaruza kila anapoinuka.

Sindano ya kwanza ni ya steroidi. Ni ya bei nafuu, hutuliza uvimbe haraka, lakini mara nyingi nguvu yake huisha baada ya wiki kadhaa. Ya pili ni ya majimaji mazito yanayofanana na ute wa asili wa goti, na bei yake humfanya mkulima wa kawaida aage na kwenda zake. Ya tatu hutengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Damu huzungushwa kwenye mashine hadi ikajitenga, kisha ule umajimaji wa manjano unaobaki juu ndio hudungwa gotini.

“Kila mtu alitolewa damu, hata yule ambaye hangedungwa damu yake,” anaeleza Emmaculate. “Na sindano ilikuwa imefungwa karatasi, usione rangi ya kilicho ndani. Mgonjwa hajui alipata gani. Mimi pia sijui, na sitakiwi kujua. Nikijua, naweza kuuliza kwa sauti ya kumvuta mtu ajibu ninavyotaka.”

Alihamia Eldoret kutoka Ugunja miaka ishirini iliyopita, akimfuata mumewe, Ouma, fundi wa kuchomelea vyuma katika vibanda vya jua kali. Wanaishi Huruma, vyumba viwili vya kupanga. Kwa miaka saba Emmaculate alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, akizunguka nyumba kwa nyumba kuhakikisha watoto wamechanjwa na wagonjwa wa kifua kikuu wamemeza dawa zao.

Ndiko alikojifunza lugha. Mbali na Kidholuo na Kiswahili, anaelewa Kikuyu cha sokoni, na Kinandi anachokizungumza huwachekesha wenyewe lakini wanamwelewa. Utafiti ulipohitaji mtu wa kupiga simu, jina lake lilitajwa kwanza. Mshahara ni Sh24,000 kwa mwezi, na ndio mshahara wa kwanza wa kudumu aliowahi kuupata.

Hivyo akajifunza saa za watu. Mpishi wa kambi ya wanariadha kule Kaptagat hupigiwa alasiri, vyombo vikishaoshwa. Wakulima wa Moi’s Bridge hupigiwa baada ya kukamua ng’ombe.

Miongoni mwa wakulima hao alikuwamo Mzee Gathogo, mwenye umri wa miaka 71, anayelima mahindi na kuendesha duka dogo pamoja na mkewe, Waiyego.

“Huyo nilimpenda kutoka simu ya kwanza,” anasema Emmaculate. “Aliniita daktari wa simu. Nikamwambia, Mzee, mimi si daktari. Akasema, ‘Wewe ndiye daktari napata kila mwezi. Yule mwingine nilimwona mara mbili tu.’”

Kila mwezi Mzee Gathogo alitoa jibu lilelile. “Hii goti iko sawa. Andika mbili.”

Kwa mizani ya utafiti, mbili ni habari njema. Mgonjwa aliyetaja saba au zaidi miezi miwili mfululizo alirudishwa kliniki kupimwa upya na kupewa matibabu mengine. Aliyetaja mbili aliachwa aendelee na shughuli zake.

Lakini katika simu ya tatu Emmaculate alisikia sauti ya mwanamke nyuma ya ile ya mzee. Ilikuwa ya mtu aliye chumba kingine, au mlangoni. “Mwambie ukweli, Baba Irungu!”

Mzee alikohoa, akasema mbili, akaaga.

Simu ya nne sauti ile ilirudi, sasa kwa Kikuyu na kwa ukali zaidi. Emmaculate alielewa maneno mawili, “usiku” na “analia”. Akamuuliza mzee tena kama ana hakika. Mzee akasema ana hakika.

Kwenye fomu paliandikwa kwamba mhojiwa ajibu mwenyewe bila kushawishiwa na mtu yeyote. Emmaculate akaandika mbili.

Tarehe tisa Julai mwaka jana alipiga simu ya tano. Aliyepokea ni Waiyego.

“Baba Irungu hawezi kuongea,” alisema. “Wanampasua.”

Siku mbili kabla, mzee alikuwa akishuka ngazi tatu za ghala lake, debe la mahindi likiwa begani. Goti lilikataa kukunjuka. Alianguka kwa ubavu kwenye saruji na kuvunjika mfupa wa nyonga. Alilala hapo chini karibu saa nzima, kwa kuwa Waiyego alikuwa dukani na redio ya jirani ilikuwa juu.

Emmaculate anasema alikata simu akabaki akiutazama ukuta. Kalamu ilikuwa mkononi na fomu ilikuwa mbele yake, na kisanduku cha mwezi wa tano kilikuwa kitupu.

“Sikujua niandike nini. Nilitoka nje, nikasimama hapo kwa mlinzi kama mtu anangoja kitu.”

Jumamosi iliyofuata aliomba ruhusa kwa mkuu wa utafiti, Daktari Bethwel Kiptoo, akaenda kumwona mzee katika hospitali aliyolazwa hapa mjini. Hakuwa amewahi kukutana naye ana kwa ana. Alibeba maziwa lala na ndizi, akapita kati ya vitanda akisoma majina.

Mzee Gathogo alikuwa mtu mwembamba kuliko sauti yake. Emmaculate alipofungua kinywa kujitambulisha, mzee aliinua mkono.

“Ngoja. Usiniambie jina. Sema tu habari ya asubuhi.”

“Habari ya asubuhi, Mzee.”

“Ni wewe,” mzee akasema, na akafumba macho.

Waiyego alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, leso kichwani, mikono mapajani. Hakusimama. Alimtazama mgeni kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Mimi nilikuwa napiga kelele pale nyuma. Kila mwezi. Hukunisikia?”

Emmaculate anasema angeweza kusema simu ilikuwa na mkwaruzo. Angeweza kusema hakuelewa Kikuyu.

“Nilisikia, Mama,” alijibu.

“Na ukaandika nini?”

“Niliandika mbili.”

Muuguzi alipita na kitoroli cha dawa, akampa mzee vidonge viwili, akaenda kitanda cha pili. Ndipo Mzee Gathogo akaanza kusema, macho yakiwa darini, kana kwamba anaongea na mtu aliye juu yake.

“Usimlaumu huyu mtoto wa watu, Mama Irungu. Mimi ndiye nilidanganya. Siku ile ya sindano, nilimaliza nikakaa pale kwa kiti nijaribu kufunga viatu. Siwezi kuinama. Yule daktari akaniona. Akapiga magoti hapo chini kwa sakafu, na koti lake jeupe, akanifunga kamba, hii na hii. Mtu amesoma mpaka huko juu. Halafu mwezi ukiisha niambie watu dawa yake haifanyi kazi? Ningeweza aje?”

Emmaculate alimuuliza ilikuwa ngapi kwa kweli.

“Mwezi wa kwanza ilikuwa mbili, hiyo sikudanganya. Ya pili ikapanda kwa tano. Ya tatu ni nane. Ya nne sikuwa napanda kitanda bila huyu mama kunishika.”

Waiyego alianza kulia wakati huo, bila sauti. Emmaculate alizunguka kitanda, akaketi kando yake kwenye benchi, na wakakaa hivyo mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia.

Usiku wa siku hiyo alimsimulia mumewe yote. Ouma ni mtu wa maneno machache, na alisikiliza hadi mwisho kabla ya kumuuliza angefanya nini.

“Nikamwambia lazima nimwambie daktari. Kama Mzee Gathogo alisema mbili na ni nane, wangapi wengine? Akaniuliza, ‘Na wakisema kazi yako yote ilikuwa bure?’ Tulikuwa tumelipa karo ya muhula huo kwa hiyo kazi.”

Jumatatu asubuhi alibisha hodi kwa Daktari Kiptoo. Alisimama, hakuketi. Akamweleza kuhusu sauti aliyoisikia, fomu aliyoijaza na maneno ya mzee kitandani. Alipofika kwenye habari ya viatu, daktari aliinua uso.

“Sikumbuki,” alisema. “Emmaculate, mimi hufungia watu viatu kila siku.”

Daktari huyo anakiri kwa mwandishi huyu kwamba asubuhi ile ndiyo ngumu zaidi aliyoipitia tangu aanze utafiti. “Tulikuwa tumejihadhari na kila kitu. Mgonjwa asijue, anayepiga simu asijue, sindano ifungwe karatasi. Hatukufikiria kwamba mtu anaweza kutudanganya kwa sababu ya adabu. Tulikuwa tunapima sindano, kumbe kwa wengine tunapima shukrani.”

Kamati inayosimamia maslahi ya wagonjwa ilijulishwa. Nambari za zamani hazikufutwa. Ziliachwa kama zilivyo, na maelezo ya kilichotokea yakaandikwa kando yake. Fomu nayo ilibadilishwa. Swali la nambari lilibaki, lakini likaongezwa lile la jana goti lilikupeleka wapi, pamoja na nafasi ya kuandika chochote kinachosemwa na watu wa nyumbani.

Kisha Emmaculate akaambiwa awapigie wote upya. Ilimchukua wiki tatu.

Alianza kila simu kwa maneno yaleyale, ambayo anasema aliyatunga mwenyewe. “Nawaambia, hakuna mtu atakasirika. Ukiniambia inauma, hujamtusi daktari. Ukiniambia haiumi, hutatolewa. Mimi nataka tu kujua.”

Watu kumi na tisa walibadilisha majibu yao. Wengi walikuwa wameshusha nambari, kama Mzee Gathogo. Mama wa mitumba wa Huruma, aliyekuwa mwezi wake wa kwanza, alisema ile nne aliyoitaja haikuwa kweli, na kwamba kuna siku hushuka kwa makalio ngazi za jengo anakoishi, ngazi moja moja, kabla majirani hawajaamka. Wiki hiyo hiyo aliitwa kliniki.

Lakini si wote waliodanganya kwa upande huo. Mpishi wa Kaptagat alikuwa akitaja nane wakati goti lake lilikuwa tatu. Alihofia kwamba akisema amepona ataondolewa, na goti likirudi kuuma atakosa mlango wa kuingilia.

“Nilicheka, halafu nikasikia vibaya kwa kucheka,” anasema Emmaculate. “Huyo naye alikuwa na sababu yake.”

Tangu siku hizo, anasema, amekuwa akisikiliza pumzi ya mtu kabla ya jibu. Mtu anayesema tatu haraka sana humtia wasiwasi, na anayevuta pumzi kwanza, hata akisema tatu, Emmaculate humwomba asimulie safari yake ya kwenda chooni asubuhi hiyo. Nyumbani pia tabia hiyo imemfuata. Ouma akirudi akishika kiuno, mkewe humuuliza kutoka sifuri hadi kumi, naye humjibu kwamba kiuno chake hakimo kwenye utafiti.

Mzee Gathogo alikaa hospitalini wiki tano. Nyonga ilipona kiasi, lakini hatatembea tena bila fremu ya chuma. Shamba sasa limekodishwa kwa jirani. Daktari Kiptoo alisafiri hadi Moi’s Bridge kumwomba radhi, na mzee, kwa mujibu wa Waiyego, alikataa kabisa kuombwa radhi, akaagiza chai iletwe.

Mzee aliambiwa angeweza kujitoa kwenye utafiti bila lawama. Alikataa hilo pia. Emmaculate aliendelea kumpigia kila mwezi hadi wa kumi na mbili, Februari mwaka huu.

“Simu ya mwisho akaniambia, ‘Andika nane. Na jana iliniangusha kwa kiti.’ Nikaandika vile alisema. Nikamshukuru. Akaniuliza, ‘Sasa ndiyo mwisho? Hutapiga tena?’ Nikamwambia fomu imeisha, Mzee, lakini simu haijaisha.”

Kabla ya kukata, mzee alimpa ombi moja. Alitaka kujua alidungwa sindano gani. Si kwa ajili yake, alisema. Goti la kushoto la Waiyego limeanza kukwaruza wakati wa kupanda ngazi za kanisa, na mama huyo ameapa hatadungwa chochote hadi ajue ni kipi kilichomshinda mumewe.

Emmaculate hakuweza kumjibu. Majina ya sindano yamefungiwa ndani ya bahasha zisizoonyesha kilichomo, na hazitafunguliwa hadi mgonjwa wa mwisho amalize mwaka wake, Septemba ijayo.

Daktari Kiptoo naye hasemi zaidi ya anachokijua. “Hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayorudisha gegedu iliyolika. Hilo tunawaambia wote kabla hatujawagusa. Tunachotafuta ni ipi inampa mtu nafuu, kwa muda gani, na kama ile ya bei ghali inastahili mtu kuuza ng’ombe wake. Huenda tukakuta hazipishani sana. Hilo nalo ni jibu, na kuna watu litawaokolea ng’ombe.”

Kazi ya Emmaculate itaisha pamoja na utafiti. Ameanza masomo ya jioni ya cheti cha kumbukumbu za afya, na anatumai yatampa kazi nyingine. Anaogopa, lakini anasema woga huo si mgeni kwake.

Kuna jambo moja analotaka kulifanya kwanza. Ameomba kwamba bahasha zikifunguliwa, wagonjwa waambiwe kabla ya matokeo kuandikwa popote, na waambiwe na mtu aliyeketi mbele yao, kwa lugha wanayoota ndoto nayo. Kliniki imekubali kumpa nauli. Tayari ameyapanga majina 126 kwa kufuata barabara, ya Kaptagat siku yake, ya Moi’s Bridge siku yake, ya Huruma kwa miguu.

Nilidhani angeanza na Mzee Gathogo. Anatikisa kichwa. Mzee huyo, anasema, ana simu, ana mke mwenye sauti, na atapata jibu lake wiki hiyohiyo.

Juu kabisa ya orodha kuna majina manne aliyoyazungushia kalamu. Ni ya watu walioacha kupokea simu katikati ya mwaka, mmoja baada ya mwingine, bila kusema kitu. Wamejazwa kwenye rekodi kama “hawakupatikana”.

“Hawa wengine wote najua wameumwa kiasi gani,” anasema, akiikunja karatasi na kuitia ndani ya mkoba. “Nitaanza na hawa wanne. Nitauliza kwa majirani, nitauliza kwa chifu, mpaka nifike kwa mlango. Sitaki kuwauliza nambari. Nataka tu waniambie walikuwa wapi.”